Mawe ya Chokaa Nyuma ya Jebel

Usiniambie nilikuwa na homa. Nimeshaambiwa. Nimeambiwa ni jua, nimeambiwa ni njaa, na kuna mmoja hapa mtaa wa Gurei aliyesema ni haya mambo ya mwanamke kulala ndani ya gari. Sawa, semeni. Lakini mimi ndiye niliyekuwa pale, saa saba ya mchana, akili zangu timamu, sijanywa kitu zaidi ya chai, na haya ninayokueleza yalitokea. Nakueleza kwa sababu moja tu. Siku ile ulibaki usiku mmoja kabla sijaua wanawake arobaini kwa mikono yangu mwenyewe, mikono iliyokuwa inajitolea.

Nilizaliwa Juba, vita vikatutoa, nikakulia Kitale huko Kenya. Nikarudi mtu mzima na gari kuukuu aina ya Haisi niliyoiendesha mwenyewe kupitia mpaka wa Nimule, baiskeli ya mlimani imefungwa nyuma kwa kamba. Viti vya Haisi nilivitoa vyote. Nikaweka godoro, jiko la mkaa, mitungi miwili ya maji, pazia la kitenge. Mlango wa nyuma nikiufungua ndiyo gereji yangu, natengeneza baiskeli za watu. Watu wa Gurei waliniita Mama Haisi, na watoto wao walikuwa wanakuja kuchungulia kama ni kweli kuna kitanda ndani. Sikujali. Jioni nilipanda baiskeli nikaenda Jebel, mlima wetu huu wa magharibi, nikateremka kwenye mawe mpaka meno yakagongana, nikarudi kulala usingizi mzito.

Ni kule mlimani nilikojuana na Mama Keji. Huyu ni mama wa makamo, amekaa ukimbizini Uganda miaka mingi, na kazi yake ni kuponda kokoto upande wa nyuma wa mlima pamoja na wanawake wenzake. Kila asubuhi wanatoka Gurei na nyundo na karai, wanazunguka kwa barabara ya malori, na malori ya kokoto hayamngoji mtu. Mkamwana wake aligongwa kwenye barabara ile akiwa na karai kichwani. Hakufa, lakini mguu haukuwa mguu tena. Siku aliyonisimulia, mimi na hasira zangu za karibu nikamwambia, "Mama, nitawatengenezea njia. Njia yenu, ya miguu, ipite kwenye mlima, lori lisiione."

Akacheka. "Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu kama hakuna mwingine."

Nilipata wengine watano. Wa kwanza wao ni Wani, kijana wa bodaboda aliyekulia Koboko huko Uganda, mtu wa maneno mengi na mgongo wenye nguvu. Kila Jumamosi tulipanda na sururu, majembe na mapanga, miezi minne mfululizo. Tulikata vichaka, tukavunja miamba, tukachimba mifereji ili maji ya mvua yasiile njia. Na mimi, kwa kuwa nyumba yangu ina magurudumu, niliihamishia kule kule chini ya mlima, nikawa nafanya hata siku za katikati ya wiki. Ukiniuliza kama niliwahi kuwa na furaha hapa Juba, ni miezi ile minne.

Tulianzia pande zote mbili za mlima, ikabaki sehemu moja tu. Hatua kama mia tatu kutoka mwanzo wa njia, juu kuna jabali, chini kuna korongo, na katikati kuna uwanda wa nyasi. Hakuna pengine pa kupita. Watu wa Gurei walikuwa hawaingii pale. Nikiwauliza kwa nini, wananiambia nyoka. Basi mimi nyoka sikuwaogopa, nina panga na nina mabuti.

Sasa sikiliza vizuri, maana kosa langu liko hapa. Ukingoni mwa uwanda ule kulikuwa na safu ya mawe. Mawe ya kushikika, kila moja saizi ya kichwa cha mtoto, yamepangwa moja moja kwenye nyasi, na yana mabaki ya chokaa nyeupe. Mtu anayechimba njia akiona mawe ya saizi ile, moyo unaruka. Ndiyo mawe tunayoyatafuta kutwa kwa ajili ya kingo! Na chokaa yenyewe haikunishtua hata kidogo. Hapa Juba ni nani asiyepanga mawe na kuyapaka chokaa? Kanisa limepanga, shule imepanga, kambi za jeshi zimepanga, ua wa kila mtu mwenye kujiheshimu umepanga. Nikajiambia hapa palikuwa na kambi ya zamani, wenyewe wameshahama. Nikaleta toroli, nikayang'oa yote. Nikafyeka hatua ishirini za mwisho kabla ya uwanda, nikayapanga kushoto na kulia, chokaa ikitazama njia. Ikapendeza, wallahi. Wani alipoyaona alisema, "Dada, hii sasa iko barabara ya rais."

Tukakubaliana kufungua Jumamosi. Wanawake wote arobaini wangepita asubuhi kwa pamoja, wenye watoto mgongoni na watoto wao, wakiimba. Mama Keji alishawatangazia.

Ijumaa mchana nikaenda peke yangu kumalizia. Zilibaki hatua kama thelathini za nyasi kavu zinazofika magotini. Nilitaka kuingia na baiskeli, nione wapi panafaa kupitisha mstari ulionyooka, nifunge alama za utepe wangu wa rangi ya chungwa, kisha jioni nifyeke. Jua lilikuwa limesimama utosini. Hakuna ndege, hakuna upepo. Nikamaliza zile hatua ishirini zenye mawe yangu, nikaingia kwenye nyasi nikiisukuma baiskeli. Nilikuwa nimefika kama katikati nilipomwona.

Alikuwa amechuchumaa, amenipa mgongo, anakata nyasi kwa mkasi.

Mkasi, narudia. Mkasi wa nguo. Anashika nyasi moja kwa vidole viwili, anaikata chini kabisa, anaiweka pembeni, anashika nyingine. Amevaa aproni nzito ya buluu, nene kama ya mchomea vyuma, imemfunika kutoka shingoni mpaka magotini, kwenye lile jua. Nami nilikuwa nimelowa jasho mpaka soksi. Nikaangalia shingo yake. Kavu. Hata tone.

Nikajua huyu ni kichaa. Wewe ungejua nini? Nikamsalimia tu kwa heshima, "Kaka, habari ya mchana."

Hakugeuka. Akasema kwa Kiswahili cha Uganda, sauti ya chini, "Dada, mawe yangu nani nachukua?"

"Mawe gani?"

"Ile iko na chokaa."

"Ni mimi. Ni ya njia. Kesho kuna watu watapita hapa."

Akasimama. Mtu wa miaka kama arobaini, uso wa kawaida kabisa, uso unaoweza kuukuta popote mtaa wa Hai Cinema ukinywa chai. Akanipita, akaenda mpaka kwenye kingo zangu, akaokota jiwe la kwanza, akaliweka begani na kuanza kuondoka nalo.

Hapo ndipo hasira zangu zikaniponza. Miezi minne! Viganja vyangu viko malengelenge matupu, halafu mtu na mkasi wake anakuja kubomoa siku moja kabla? Nikaitupa baiskeli chini, nikamkimbilia. Nikashika jiwe upande mmoja, naye ameshika upande wa pili, tukavutana kama watoto wanaogombania mpira. Nikamwambia, "Wewe mzee, una wazimu? Weka chini!" Akaliachia. Nikageuka kulirudisha, kumbe yuko mbele yangu kwenye nyasi na jiwe lingine. Nikamfuata kule. Akahama. Nikamzunguka upande huu, akatokea upande ule. Nimekimbia kwenye zile nyasi kwenda na kurudi, kushoto na kulia, natukana kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, na kwa Kibari cha marehemu mama, mpaka pumzi zikaisha. Nikasimama katikati ya uwanda, mkono mmoja kiunoni, nikihema.

Na hapo ndipo akili ilipoanza kuniambia kitu. Jiwe nililomnyang'anya lilikuwa bado mkononi mwangu, na lilikuwa baridi. Jiwe la saa saba ya mchana wa Juba linaunguza, unalishika kwa kitambaa. Lile lilikuwa baridi kama limetoka mtungini. Nikatazama nyasi. Nyasi nilizopita mimi zilikuwa zimelala ovyo kila upande. Alipopita yeye zilikuwa zimesimama wima.

Nikarudi nyuma hatua mbili.

Akaniuliza, pole pole, "Kesho watu ngapi?"

"Arobaini," nikasema. Sijui kwa nini nilimjibu.

"Iko na watoto?"

"Wengine wana watoto mgongoni."

Kisha akaligeuza lile jiwe lililokuwa mkononi mwake, akanionyesha upande wa pili. Ulikuwa mwekundu. Rangi mbichi, inang'aa, kama imepakwa dakika ile. Nikageuza la kwangu. Jekundu. Na mimi mawe yale niliyabeba mwenyewe, moja moja, nikaona upande wa nyuma una madoa ya kahawia tu, nikadhani ni udongo.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mama alijaribu kuturudisha nyumbani mara ya kwanza. Pale mpakani walitukalisha watoto wote chini ya turubai, mtu akatuonyesha mawe mawili. Upande mweupe unatazama penye usalama, akasema. Upande mwekundu unatazama penye mabomu ya ardhini. Ukiuona wekundu umekutazama, usiende. Tulirudia kwa sauti mpaka tukachoka. Na mimi mtu mzima, fundi, mjuaji wa njia, nilikuwa nimeng'oa mpaka wa mabomu nikautumia kuwapambia watu njia ya kuingilia.

Ndiyo, na nilikuwa nimesimama katikati yake. Nilikuwa nimekimbia humo ndani dakika nzima.

Nilianza kulia. Sioni haya kusema. Nililia nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, wa pili uko hewani, naogopa kuushusha. Nilitaka kurudi kwa alama za miguu yangu lakini alama zipi? Nilizikanyaga mwenyewe nikimfukuza. Yule mtu akaja mpaka mbele yangu, akanipa mgongo.

"Dada, fuata mguu yangu."

Nikuulize wewe: utafuataje miguu isiyoacha alama? Ukipepesa macho, umepoteza. Nikajipangusa machozi, maana machozi ndiyo yangeniua. Nikajiambia, mwanamke, hawa watu arobaini watakuja kesho saa kumi na mbili wakiimba, na ukifia hapa hakuna wa kuwaambia. Utatoka. Nikakaza macho kwenye visigino vyake. Anapoinua kisigino, mimi naweka wangu palepale kabla sehemu haijanipotea. Na kila nilipokanyaga nilikata kipande cha utepe kwa meno, nikakidondosha chini ya unyayo, ili angalau mtu mwingine ajue mimi nilipita wapi. Hatua moja. Nyingine. Alikuwa anapinda pasipo na sababu, anazunguka mahali pasipo na kitu, mara anachukua hatua ndefu mno mpaka karibu nianguke. Sikuuliza. Hatua ya mwisho nilipokanyaga udongo wa njia yetu nilikaa chini kama gunia.

Hakunipa muda. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye mawe.

Tukayarudisha. Mchana wote ule, mimi na yeye. Mimi nasukuma toroli kwa nje, yeye ananyooshea kidole mahali, mimi naweka. Nikiweka vibaya, anatikisa kichwa. Nikigeuza wekundu upande usiofaa, anatikisa kichwa. Mikono ilitoka damu, kiu ilinikamata, na kila nilipotaka kupumzika nilimwona amesimama ananingoja na ile aproni yake, nami nikainuka. Woga ulikuwa umeniisha, nakueleza ukweli. Kilichobaki ni kazi. Jua lilipokuwa linagusa jabali niliweka jiwe la mwisho, nikasema, "Haya, mzee, kalas, imekwisha." Nikainua kichwa. Hakuna mtu.

Sasa unadhani hapo ndipo pagumu? Pagumu palikuwa asubuhi.

Pale njia inapoanza pana mawe makubwa mawili, na nafasi iliyopo katikati inatosha gari moja. Usiku sikulala. Kabla ya mapambazuko niliiingiza Haisi yangu pale katikati, nikaziba. Kwa upande wa machimbo nilikuwa nimetupa miiba na kufunga utepe wote uliobaki. Wakaja wakiimba, Mama Keji mbele na kitenge kipya, Wani pembeni anapiga kidumu. Wimbo ukafa sauti moja moja.

"Dada, toa gari," Wani akasema.

"Hakuna kupita. Kuna mabomu."

"Nani nasema?"

Nikawaambia kuhusu mawe, na rangi nyekundu. Wachache wakapanda juu ya yale mawe makubwa, wakaenda nami mpaka kwenye safu, wakatazama. Na mimi nikatazama. Chokaa iliyochakaa mbele, madoa ya kahawia nyuma. Ukiambiwa ni udongo, utakubali. Wani akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. "Wewe mwenyewe naleta hii mawe na toroli. Wewe mwenyewe nafyeka. Leo iko bomu? Dada, wewe nalewa?"

Niliporudi kwenye gari, Mama Keji hakupiga kelele. Alikuja karibu na dirisha la gari, akaniita mwanangu, kama siku zote. "Mwanangu, sisi narudi kwa barabara ya lori. Lakini kama lori nagonga mtu, damu iko juu yako." Kisha akaweka karai kichwani akaondoka na wenzake wote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wiki ya kwanza walikuja vijana kumi kuisukuma Haisi wakati mimi niko mtoni kuchota maji. Niliwakuta wameshaisogeza nusu. Wakaondoka kwa kelele zangu, na jioni ile ile nilichukua spana nikang'oa magurudumu yote manne, nikaliweka gari juu ya magogo. Haya, sukumeni sasa! Magurudumu nikalala nayo ndani. Wateja wa baiskeli wakaacha kuja. Wenzangu wa Jumamosi wakaacha kunisalimia. Kila siku nilitembea mpaka kwenye ofisi za watu wanaohusika na mabomu, naambiwa andika barua, nimeandika, naambiwa ngoja, timu iko mbali, nami narudi nakaa mlangoni mwa gari langu. Nikipanda mpaka kwenye safu niliiona baiskeli yangu imelala kwenye nyasi kule nilikoitupa. Mvua zikaanza, zikainyeshea. Nikaona mnyororo unageuka rangi. Ile baiskeli nimekuja nayo kutoka Kitale, ni kitu pekee nilichojinunulia maishani kwa furaha, na ilikuwa hatua ishirini tu kutoka kwenye safu. Unajua ni mara ngapi nilifika kwenye yale mawe, nikasimama, nikajiambia mbona ulikimbia humo wala hukufa? Nilirudi kila mara. Na kila jioni, wanawake wakirejea, niliwahesabu kutoka mbali, mmoja mmoja, mpaka arobaini, ndipo nikapika.

Wiki ya sita wakaja. Watu wanane, aproni zao za buluu, vioo vya uso, mikasi ya kukatia nyasi, mashine zao za kutambua chuma. Walipokuwa wanavaa nilimtazama kila mmoja usoni. Hakuwepo. Siku ya pili ya kazi walituondoa wote, tukakaa mbali na masikio yameshikwa, na mlima ukatoa mlio uliosikika Gurei nzima. Siku ya nne, mwingine. Nilihesabu milio mitano kabla hawajamaliza.

Msimamizi wao aliniletea baiskeli yangu ameishika kwa mkono, mnyororo umeganda kwa kutu. Akaniuliza ni nani aliyedondosha vile vipande vya utepe. Nikasema mimi. Akaniambia bomu moja lilikuwa katikati ya kipande cha saba na cha nane, mahali hatua yangu ilipokuwa ndefu mno. "Nani alikutoa humo?" akauliza. Nikasema, mtu. Akanitazama, akatazama safu ya mawe, akasema aliyeyapanga tena anaijua kazi. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza.

Wani alikuja usiku ule na soda mbili. Tukanywa zote, akachukua spana yangu akaanza kurudisha gurudumu la kwanza.

Tukafungua Jumamosi iliyofuata. Hakuna aliyeimba. Wanawake walifika pale mwanzo wa njia wakasimama, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, na ni haki yao. Mama Keji akanishika mkono. "Mwanangu, malesh, samahani," akasema. "Mimi nasema maneno mbaya." Nikamwambia yameisha. Kisha nikasema kwa sauti wote wasikie kwamba nitatangulia mimi, kwa miguu, wanifuate. Nikatangulia. Nikaingia kwenye uwanda, sikugeuka wala sikupunguza mwendo, maana ningesita wangesita. Njia ilikuwa pana ya kutosha watatu kupita sambamba. Tulipofika ng'ambo nikageuka kuwaangalia.

Walikuwa kwenye mstari mmoja. Wote arobaini. Macho yao chini, kila mmoja anaweka kisigino pale mwenzake alipotoa, wanapinda pasipo na sababu, wanazunguka mahali pasipo na kitu. Kuna mahali walichukua hatua ndefu, mmoja baada ya mwingine, na karai kichwani.

Mimi nilikuwa nimetembea moja kwa moja.

Mama Keji alipofika nilimuuliza, "Mama, mbona mnapita hivyo? Si mngenifuata mimi?"

Akashangaa kweli. "Sisi nafuata yule mbele yako."

Nikamuuliza yule nani. Akanitazama kama mtu anayetaniwa. "Yule wa aproni. Si wewe nakuja naye?"

Mpaka leo mimi sijamwona tena. Wengine ndio wanaomwona. Nikipita Gurei na mtu nyuma yangu, mara nasikia nyayo zake zimebadilika, nageuka nakuta anatembea kwa uangalifu, macho chini, kwenye barabara ya kawaida ya watu. Nimekwenda Gumbo ng'ambo ya daraja na mteja wangu kuangalia baiskeli, mtu mgeni asiyejua lolote, akaniuliza njiani yule bwana anayetutangulia ni fundi mwenzangu? Nimewaeleza mapadri, wameniombea. Sijui anataka nini. Labda huko tunakokanyaga kila siku anaona vitu sisi tusivyoviona.

Basi nakuambia wewe unayesikiliza. Ukikuta mawe yamepangwa mahali pasipo na nyumba, hata yakiwa mazuri namna gani, hata rangi ikiwa imekwisha, yaache. Na kama siku moja utatembea nyuma yangu hapa Juba ukamwona mtu wa aproni mbele, usiniite kunionyesha, maana mimi simwoni na utanipotezea muda. Angalia visigino vyake, na uweke miguu yako palepale.